Gari, Mwambie Mzee

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeamua. Gari linanyanyuliwa!

Redio ya asubuhi imetangaza masika mazito. Nikampigia simu ofisa wa barabara anayeshughulikia daraja. Kasema daraja letu liko kwenye mchakato. Mchakato! Mwaka juzi lilikuwa kwenye mpango, mwaka jana kwenye bajeti, sasa kwenye mchakato. Daraja hili limesafiri kuliko mimi na bado halijafika korongoni.

Nimeandika magazetini. Nimepiga kelele redioni. Nimegombana na watu wenye tai mbele ya kamera. Korongo halisomi magazeti. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Masika ni mto. Mwaka jana gari lilizima katikati, maji yakaingia mpaka kwenye viti, na Mzee, baba mkwe wangu, akakosa kusafishwa damu mara mbili mfululizo. Akavimba miguu, akavimba uso — hivyo walisema, mimi uso sikuuona. Daktari hakupamba maneno: figo zake zimekwisha, mashine ndiyo figo. Akikosa hivi tena, tusimlaumu mtu.

Hameni, wanatuambia. Mpangishieni Mzee chumba karibu na hospitali. Mzee kakataa, hakutoka Tukuyu kuja kulala kwa watu asiowajua. Na mimi nimekataa. Nyumba nimeijenga tofali kwa tofali huku nyuma ya Mabwepande. Mchakato ndio uhame!

Basi kama barabara haiinuki, litainuka gari.

Adelard, jirani yetu, mwalimu mstaafu, Mhaya asiyeweza kunyamaza, kacheka mpaka kashika ukuta. "Mama Clara! Si wewe uliyeandika kwamba shangingi ni sebule ya mwizi yenye magurudumu?" Nikamwambia ndiyo, na narudia. Ila hili mume wangu alilinunua mnadani likiwa na umri wa mtu wa kuoa. Mwizi wake alishashuka zamani.

Alhamisi, 6 Machi

Njiani kwenda hospitali Mzee alizungumza na gari.

Ndivyo tunavyoishi tangu Clara aende chuo Dodoma. Mzee ni baba yake Ambakisye, mume wangu. Mimi ni mkwewe, na kwa heshima ya kwetu Unyakyusa simtazami, simtaji jina, simgusi. Akikohoa ukumbini nageukia ukuta mpaka apite. Zamani Clara alikaa katikati yetu. "Clara, mwambie mama yako mboga haina chumvi." "Clara, mwambie babu chumvi kaikataza daktari, si mimi." Clara akaondoka, Ambakisye yuko mgodini Geita, nyumba ikawa kimya. Mpaka asubuhi moja nikasikia nyuma ya kiti changu: "Gari, mwambie Mama Clara dirisha lina upepo." Nikafunga dirisha. Nikasema: "Gari, mwambie Mzee nimefunga."

Tangu hapo gari ndilo mkalimani wetu. Kioo cha ndani nimekigeuzia juu, kinaonyesha dari. Nyuma naona kwa vya pembeni.

Leo: "Gari, mwambie dereva wako yule trafiki ni mtoto wa mtu, asimfokee." Nikajibu: "Gari, mwambie Mzee hata mwizi ni mtoto wa mtu." Nikasikia kikohozi kile kifupi ambacho nadhani ni kicheko.

Nilipomwacha mashineni nikaenda gereji ya Jabiri, Mikocheni. Jabiri ni wa Magomeni tangu babu yake, mnene, kofia haimtoki. Mwezi mtukufu haujampunguzia maneno hata kidogo.

"Unataka la kupiga picha au la kuvukia maji? Maana vijana wananyanyua hapa mpaka gari linaogopa upepo, halafu wanaenda nalo baa."

"La maji."

"Yanafika wapi?"

Nikamwonyesha kwenye mlango. Nikamweleza mawe yalipo, shimo lilipo, kona ya kutokea. Hakuna jiwe la korongo lile nisilolijua. Akatingisha kichwa. Kasema springi ndefu na shokapu zake, tairi kubwa zenye meno, bomba la hewa lipandishwe mpaka usawa wa paa ili injini isinywe maji. Asipitishe kimo, gari refu sana linapinduka kwenye kona.

"Na hizi stepu za pembeni? Zitagonga mawe. Nizitoe?"

"Toa!"

"Mzee wako anapanda vizuri lakini?"

"Anapanda."

"Ana kimo gani?"

"Jabiri, unanyanyua gari au unafanya sensa?"

Vijana wake wakacheka. Naye akacheka.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Mzee akiwa mashineni, mimi nikaenda ukumbini Kinondoni kuhutubia. Niliwasha moto! Mahari, mirathi, kutakaswa kwa wajane — nikazichana moja moja. Wakasimama, wakapiga makofi.

Kisha binti mmoja mwembamba mwenye miwani akanyoosha mkono, akaniita kwa jina langu mwenyewe. "Mama Sekela, shikamoo. Je, nyumbani kwako hakuna mila unayoifuata?"

Nikamjibu kitu cha kuchekesha. Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nilikuwa napeleka chai nikasikia kikohozi. Nikageukia ukuta na sinia mkononi. Akapita. Fimbo, kiatu, fimbo, kiatu. Viatu vya kahawia, kamba ya kushoto ina fundo mbili. Viatu vyake navijua.

Jumatano, 12 Machi

Springi zimetoka Kurasini! Wakala wa forodha aliniambia "kesho" kwa wiki nzima, leo nikaenda mwenyewe nikakaa ofisini kwake na kitabu. Nilipofika ukurasa wa kumi hivi akazipata.

Muuza tairi naye alitaka kuniuzia za zamani zilizopakwa dawa zikang'aa. Nikainama nikamsomea tarehe ya kutengenezwa ubavuni. Tairi ilikuwa na umri wa kuanza shule. Akasema, "Mama, wewe umesomea tairi?" Nikamwambia nimesomea waongo. Akanitolea mpya.

Gari lipo juu ya jeki, halina miguu. Jana Adelard alimpeleka Mzee kwa bajaji. Jabiri kalaza springi ya zamani kando ya mpya. Ya zamani imejikunja kama mgongo wa mbeba magunia wa sokoni Tandale. Mpya imesimama. Niliziangalia muda mrefu kuliko inavyostahili chuma. Mwaka mzima nimeandika maneno juu ya korongo lile, na hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kinaweza kweli kulishinda.

Ijumaa, 14 Machi

Limerudi. Mungu wangu, limerudi!

Nimekaa juu. Naona paa za maduka, naona ndani ya malori ya mchanga. Usukani umekuwa mzito kidogo, tairi zinaunguruma kwenye lami kama watu wanaolalamika chumba cha pili. Zilikuwa zinakwaruza madigadi ukikata kona. Jabiri kakata kipande, kukwaruza kumekwisha. Kanionya spidi: tairi kubwa inadanganya dashibodi, ukisoma hamsini ujue umezidi. Na maji: "Yakifika kitovu cha tairi, pita taratibu, usikanyage, usisimame. Yakifika taa, mama, rudi nyumbani ukalale."

Akaenda kuswali Ijumaa. Mimi nikaja moja kwa moja korongoni. Kavu, lakini nikashuka na kupanda, nikashuka na kupanda. Mawe yale yaliyokuwa yananigonga tumboni sasa nayapita hivi hivi. Watoto waliacha mpira wakashangilia. Nikapiga honi. Mwanamke wa umri wangu! Nilipiga honi kama harusi.

Masika na yaje.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika haraka kabla sijabadilisha.

Asubuhi nilisimama upande wangu wa gari, nimeelekea geti, kama siku zote. Nikasikia fimbo. Mlango ukafunguka. Pumzi. Kiatu kikaparaza bati. Tena. Tena. Kisha sauti ndogo:

"Gari, umekwenda wapi?"

Hakuweza kupanda. Stepu hakuna, gari liko mbinguni, na yeye goti halipandi. Nilibaki nimelitazama geti kama mjinga. Ningeita nani? Nikamwita Adelard kwa kelele mtaa mzima ukasikia. Akaja na msuli kiunoni, akamkamata mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita, wakamnyanyua Mzee kama gunia. Kofia yake ikadondoka chini. Niliiona ikidondoka, hapo mbele ya viatu vyangu. Nikaiokota, nikampa Adelard, Adelard akampa.

Njia nzima hakusema na gari.

Nimepima maji. Nimepima mawe. Nimemsomea mwenye tairi tarehe zake. Goti la Mzee sikulipima. Ningelipima vipi? Miaka chini ya paa moja, ukiniuliza ni mrefu au mfupi nabahatisha. Nilikuwa nasikia mguno kila akipanda, nikadhani ni mguno wa wazee tu.

Nimempigia Jabiri. "Mama, si nilikuuliza?" Nikamkatia simu. Nikampigia tena. Nikamwambia ni kweli, uliuliza.

Jumapili, 16 Machi

Ambakisye kapiga simu. Nimemweleza. Kaniambia: "Mke wangu, wewe unaandika mila zote zitupwe baharini. Hii moja umeiachaje? Mshike mkono baba, apande gari, maisha yaendelee."

Rahisi kusema ukiwa Geita.

Nikamwambia: zile ninazopigana nazo ni zangu, zinanibana mimi. Hii ni yake. Mkewe kafa. Shamba la chai analima mpangaji. Figo zimekwisha. Chakula anapangiwa, maji anapimiwa kwa kikombe, wauguzi wa umri wa mjukuu wake wanamvua shati. Kimebaki kitu kimoja kinachomwambia bado ni baba mwenye mji: kwamba nikisikia kikohozi chake, nageuka. Nikimshika mkono bila ruhusa yake nitakuwa nimemvua na hicho. Na mtu hatoi ruhusa ya namna hiyo kwa kuombwa.

"Sasa?"

"Sasa tutafute kigoda."

Adelard ndiye kaleta dawa. Kreti tupu la soda kutoka dukani kwa mkewe! Kaligeuza juu chini, kasimama juu yake kwa kilo zake zote, kacheza kidogo. Halikuvunjika. "Chuma cha Kijerumani," anasema. Ni plastiki.

Jumanne, 18 Machi

Imewezekana! Kreti chini, Adelard nyuma, na kiti cha mbele badala ya nyuma, kwa sababu mbele kuna mshikio kwenye nguzo ya mlango. Nilisikia: fimbo, kreti, "haya Mzee, moja," pumzi, "mbili," mlango pa!

Mbele, lakini. Pembeni yangu kabisa. Sijawahi. Niliweka mkoba mkubwa katikati, nikavuta kitenge upande wa kushoto wa uso kama farasi wa mashindano aliyezibwa macho ya pembeni. Adelard kakaa nyuma anatafuna karanga, anaifurahia hali hii kuliko inavyofaa.

Tulipofika lami:

"Gari, mwambie Mama Clara huku juu kunaonekana mbali."

Nikajibu: "Gari, mwambie Mzee ndiyo kazi yake."

"Mwambie nimeona ndani ya lori la mchanga. Kulikuwa na mtu amelala."

"Mwambie hata mimi huwa naangalia."

Adelard nyuma: "Gari, waambie wote wawili hapa kuna mtu anayeitwa Adelard, wanaweza kupitia kwake."

Alhamisi, 20 Machi

Jabiri kasema stepu ataunda upya, ndefu, za kukunja, lakini fundi wake wa kuchomelea kaenda kwao Kilwa na hatarudi mpaka baada ya Idi. Nikamwambia masika hayangoji Idi. Kasema, "Wala Idi haingoji masika, mama." Nimekuwa nikitafuta jibu tangu mchana.

Hospitali muuguzi mpya kaniuliza jina la mgonjwa. Nikampa kadi. Kauliza tena kwa mdomo. Nikanyoosha kidole kwenye kadi. Kanitazama kana kwamba mimi ni bubu. Adelard ndiye kalitaja, kwa sauti kubwa na raha, na mimi nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono.

Muuguzi kamkalisha Adelard chini: mkono wenye ule mshipa wa kusafishia usivutwe, usibanwe, usibebeshwe kitu. Ukiharibika, wataanza upya na Mzee hana muda wa kuanza upya. Adelard kaitikia kama mwanafunzi. Nilisikia nikiwa mlangoni.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Tangu alfajiri. Bati linalia hata redio haisikiki.

Nimekwenda korongoni na mwavuli. Mchanga umekwisha, maji rangi ya chai ya maziwa, bado ya magotini. Mpira wa watoto... hapana, ni chupa. Inazunguka, inakwenda.

Siogopi. Naandika tena nione kama ni kweli. Siogopi sana.

Jumanne, 25 Machi

TUMEVUKA!

Maji nusu ya tairi. Watu wamejipanga ng'ambo zote mbili wamevua viatu, bajaji zimeegeshwa kama kuku waliolowa. Niliingiza gia nzito, nikaachia taratibu kama Jabiri alivyosema. Usikanyage, usisimame. Maji yakapasuka mbele, gari likatikisika, tairi ya nyuma ikateleza kwenye lile jiwe pana — nikasikia Adelard akimwita Bikira Maria kwa Kihaya — kisha meno yakashika na tukapanda. Tukapanda!

Watu walipiga makofi. Nimepigiwa makofi kumbi nyingi. Haya yalikuwa na maana.

Pembeni yangu, taratibu: "Gari. Ahsante."

Nikapiga honi mara moja, fupi.

Jumatano, 26 Machi

Mambo mawili mabaya, na yote ni ya kijinga.

Shemeji yake Adelard kafariki Bukoba. Yeye na mkewe wameondoka asubuhi. Alikuja kuaga macho mekundu, na bado akawa ananiwaza mimi: "Mama Clara, mtafute yule bodaboda kesho." Nikamwambia aende akazike, asiwe na wasiwasi.

La pili: jioni nimekwenda kuchukua kreti barazani kwao. Halipo. Jirani wa pili kasema gari la soda lilipita mchana likakusanya tupu zote. Tupu zote! Wameondoka na ngazi ya mkwe wangu kwenda kuijaza soda.

Nimejaribu kigoda cha jikoni. Kifupi. Ndoo — imepasuka nikiwa juu yake, goti limechubuka. Stuli ndefu inayumba. Matofali yapo ya ujenzi. Nimepanga manne kwenye tope, yakazama kama mkate kwenye chai. Bodaboda hapokei simu.

Mvua haijakata hata dakika.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika ndani ya gari, juu ya usukani. Tuko ukingoni mwa korongo. Injini inaunguruma. Tunangoja kidogo maji yapungue. Nina dakika chache, na haya lazima niyaandike yakiwa bado na joto.

Asubuhi bodaboda hakuja. Na nani angekuja? Barabara yetu imekuwa mfereji. Nilimtolea Mzee chai, nikarudi jikoni, nikasikia fimbo yake inatoka kabla sijamwita. Kavaa koti. Kavaa viatu. Jumanne tu kasafishwa na tayari pumzi yake ilikuwa fupi, nilikuwa naisikia mpaka jikoni.

Nikatoka na mwavuli, kitenge kichwani. Nikafungua mlango wa mbele, nikasimama nyuma ya mlango huo, nimelitazama geti. Mvua inapiga. Akafika. Akasimama. Tukasimama.

"Gari," akasema, "umekuwa mrefu sana."

"Gari, mwambie Mzee kosa ni la dereva wako. Alipima maji tu."

"Mwambie nalijua. Nilikuwa nasikia anavyomfokea fundi kwenye simu."

Akajaribu. Kiatu kikaparaza bati. Akajaribu tena, na mara hii nikasikia anateleza, fimbo ikaanguka, na mkono wake ukapiga mlango kwa nguvu. Sikugeuka. Mungu anajua nilivyotaka. Nikamnyooshea bega langu la kulia kwa nyuma, bila kutazama, kama mtu anayetoa kiti.

"Gari, mwambie Mzee hapa kuna nguzo."

Mvua tu. Nikahesabu nimekosea. Nikafikiri sasa atarudi chumbani, atafunga mlango, na huo utakuwa mwisho — si kwa maji, kwa heshima.

Kisha mkono ukaja begani. Mwepesi! Nilitegemea uzito wa mtu. Ilikuwa kama mtu kaniwekea kitambaa kilichokunjwa. Akapandisha mguu. Goti likagoma katikati, akaanza kurudi chini, na nikajua bega halitoshi, lazima nimshike, lazima nimvute. Na hapo ndipo nikamkumbuka muuguzi. Mkono usivutwe. Mkono upi? Adelard ndiye aliyeonyeshwa. Mimi nilikuwa mlangoni nasoma bango. Nikishika usiopaswa kushikwa, naua.

Nikapiga kelele, sikusema, nilipiga kelele: "Gari, muulize Mzee! Mkono upi?"

Pumzi. Pumzi.

"Gari," akasema, "mwambie aangalie mwenyewe."

Nikageuka.

Ni mfupi. Ni mfupi kuliko mimi! Uso mdogo, mweusi, una alama ya kovu kwenye kidevu, na masikio ni ya Ambakisye yale yale, ya Clara yale yale. Alikuwa kafumba macho, mvua inamtiririka, kama mtu anayechomwa sindano. Mkono wa kushoto alikuwa kaushika kifuani, mshipa umevimba chini ya mkono wa koti uliolowa kama kamba. Nikamkamata upande wa kulia, chini ya kwapa, nikasukuma kwa nguvu zangu zote za miaka yote ya kugombana, na akapanda. Akakaa. Nikamwinulia miguu mmoja mmoja. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka. Nikaifunga. Fundo mbili.

Alipofumbua macho alitazama nje kupitia kioo cha mbele. Nami nikazunguka nikapanda upande wangu.

Sasa tuko hapa. Maji yalikuwa juu ya kitovu cha tairi tulipofika; naona kwenye nguzo moja iliyobaki ya daraja la zamani lililosombwa na maji kwamba yanashuka. Taratibu, lakini yanashuka. Nyuma yetu kuna bajaji mbili, gari la shule, mwanamke na mtoto mgongoni. Hakuna anayepiga honi. Wote wanatungoja sisi wa gari refu tuonyeshe njia.

Mkoba wangu bado uko katikati ya viti. Mzee kauchukua sasa hivi — kwa mkono wa kulia — kauweka chini miguuni kwake. Kisha kanyoosha mkono ule ule juu, kakishika kioo cha ndani, kakigeuza kutoka darini, kidogo kidogo, mpaka naona bajaji, gari la shule, mwanamke na mtoto, na kona ya kofia yake.

"Dereva lazima aone nyuma, Sekela," anasema.

Hakuliambia gari. Kaniambia mimi. Maji yamefika kwenye kitovu. Ninaingiza gia nzito, na kalamu hii sijui niiweke wapi, naye kanyoosha mkono aishike —